Tom Mboya na Kandanda ya Wahamiaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, tawi la reli lililotoka Kisumu lilipanda Maseno, likapita Luanda na Yala, likakomea Butere. Kwa watu wa Marama, mwisho huo wa reli ulikuwa ndio mwanzo wa safari. Kijana aliyepanda gari la moshi Butere akiwa na sanduku la bati na kuku wa masurufu alikutana Luanda na Wanyore, na Yala na Waluo wa Gem, wote wakielekea upande mmoja kutafuta kibarua: Nakuru, Nairobi, Magadi, hata Mombasa. Ndani ya behewa la daraja la tatu watu wa lugha mbalimbali walikaa magoti kwa magoti, na Kiswahili, hata kama kilivunjwavunjwa, kiliwatosha kuombana nafasi na kugawana chakula. Walipofika mjini walitengana tena. Kila mmoja alimtafuta jamaa yake, na jamaa huyo alimpeleka kwenye chama cha watu wa kwao, na aghalabu chama hicho kilikuwa na timu ya kandanda.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya ni mmoja wa watoto wa safari hiyo. Hakupandia Butere wala Yala, kwani wazazi wake walikuwa wamekwisha kushuka upande wa pili kabla hajazaliwa. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, Mluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa msimamizi wa vibarua. Shamba lilikuwa mali ya Mzungu, ardhi ilipakana na Ukambani na Ukikuyu, na vibarua walitoka pande zote za nchi. Mtoto aliyelelewa hapo hakuweza kuishi kwa Dholuo peke yake. Alijifunza Kikamba na Kiswahili kwa wenzake wa michezo, na lugha hizo alikuja kuzitumia baadaye katika mikutano ya hadhara kwa ufasaha ambao wapinzani wake waliuhofu. Rusinga ilikuwa kwao kwa maana ya asili na makaburi. Kilima Mbogo palikuwa kwao kwa maana ya mahali alipochezea. Wahamiaji wote wanaujua utengano huo, ila si wengi waliozaliwa ndani yake kama Mboya.

Elimu yake ilifuata parokia za Kikatoliki kuliko mipaka ya kabila. Alianza Kabaa, katika wilaya ya Machakos, akaenda St. Mary's Yala kuanzia 1942 hadi 1945, kisha akaingia Holy Ghost College, Mang'u, mwaka 1946. Yala ilikuwa chini ya mapadre wa Mill Hill, nayo Mang'u chini ya Shirika la Roho Mtakatifu, lililokuwa na Waayalandi wengi. Walimu hao nao walikuwa wahamiaji wa namna yao, waliotoka katika taifa ambalo kwa vizazi kadhaa lilikuwa limewamwaga vijana wake ng'ambo. Waayalandi waliokwenda New York, Chicago na London walifanya mambo ambayo Mmarama au Mluo wa Nairobi angeyatambua mara moja. Waliunda klabu za kandanda ya Kigaeli, mchezo uliowekewa kanuni baada ya chama chake kuundwa Thurles mwaka 1884, na klabu nyingi wakazipa majina ya kaunti walizoziacha. Siku ya Jumapili mtu aliyekuwa hamali wiki nzima aligeuka tena kuwa mtu wa Kerry au wa Mayo. Haikosi kushangaza kwamba jambo hilo hilo lilichipuka Afrika Mashariki bila yeyote kumwiga mwenzake.

Yala ina umuhimu wake katika maisha ya Mboya. Ndiyo miaka michache ambayo kijana huyu wa mashamba ya katani aliishi miongoni mwa Waluo wengi, tena katika mji mdogo uliokuwa kituo cha reli, mpakani kabisa na Waluhya. Kaskazini mwa hapo reli iliingia Butere. Watu wa pande hizo mbili walinunuliana mahindi na samaki, walioana, waligombania ardhi, na shule zao zilipigana chenga uwanjani. Hata hivyo, sifa zilizobaki za ujana wa Mboya ni za ulimi kuliko miguu. Alipenda mdahalo na maigizo. Mwaka 1947 alilazimika kuondoka Mang'u kwa sababu karo ilikuwa imemshinda baba yake, aliyekuwa na watoto wengine wa kusomesha.

Badala yake alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, mwaka 1948, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alifanya kazi ile ile aliyoifanya Mzungu, lakini mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1963, Mboya alisimulia kisa cha mwanamke wa Kizungu aliyeingia katika maabara na sampuli ya maziwa, akamtazama Mboya aliyekuwa peke yake chumbani, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Kisa hiki kimenukuliwa mara nyingi kama mfano wa ubaguzi, na ni sawa. Lakini kina maana nyingine ambayo aghalabu hupitwa. Mji mzima wa Nairobi ulikuwa umejengwa juu ya dhana kwamba Mwafrika aliyekuwapo hakuwapo. Alihesabiwa kuwa mgeni wa muda, mwenye kipande, mwenye kitanda katika nyumba ya halmashauri, na ambaye angerudi kwao nguvu zikimwishia. Mhamiaji ambaye serikali ya mji haimwoni hana budi kujitafutia mahali pa kuonekana.

Vyama vya kikabila vilitimiza haja hiyo. Luo Union, Waluhya na vyama vyao vidogo vidogo, na vingine vya namna hiyo, vilichanga pesa za kusafirisha maiti, vilipatanisha wanandoa, viliwatafutia wageni mahali pa kulala, na viliunda timu. Katika mitaa kama Kaloleni na Makongeni, mwanachama alilipa ada ya chama akijua kwamba akifa hatazikwa na halmashauri. Mchezo wa Jumapili ulikuwa ndugu wa matanga: kote kuwili watu walikusanyika, wakahesabiana, wakajua nani yupo na nani hayupo. Miongoni mwa Waluhya, vikundi havikuishia kwenye kabila. Kulikuwa na timu ya Marama iliyowakusanya watu wa Butere, ya Bunyore, ya Kisa, ya Tiriki, ya Samia, na nyinginezo, kila moja na wazee wake na waimbaji wake.

Mboya aliijua dunia hiyo vizuri, ila ngazi aliyoipanda ilikuwa nyingine. Mwaka 1952 alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka 23. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, chama cha KAU kikapigwa marufuku mwaka 1953, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakikamatwa na kuhamishwa kwa maelfu. Vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu kuwa mahali pekee ambapo Mwafrika wa Nairobi angeweza kusema kwa sauti bila kufungwa. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alisaidia kuwapatia nyongeza ya mshahara, na jina lake likajulikana nchi nzima. Kisha akaenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja.

Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Alimshinda wakili C.M.G. Argwings-Kodhek, Mluo mwenzake. Mwaka 1961 alishinda tena katika Nairobi Mashariki, safari hii dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, katika eneo ambalo Wakikuyu walikuwa wengi kuliko watu wengine wote. Ushindi huo ni jambo la kutiliwa mkazo. Mluo alichaguliwa kwa wingi mkubwa wa kura na watu wasio wa kabila lake, mahali ambapo mpinzani wake alikuwa Mkikuyu msomi anayeheshimika. Walichokiona wapiga kura hao yamkini ni mtu wa mjini kama wao, aliyesema Kiswahili chao na aliyejua bei ya unga na adha ya kipande.

Mengine ya miaka hiyo yanajulikana na hayahitaji kurefushwa. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa mataifa yote ya Afrika jijini Accra akiwa na miaka 28. Mwaka 1959 aliwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege ya kwanza ya mpango wake wa masomo, na mwaka 1960 mpango ukapanuka kwa msaada wa wakfu wa familia ya Kennedy. Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa KANU. Januari 1962 alimwoa Pamela, binti wa Walter Odede, aliyewahi kukaimu urais wa KAU kabla ya kuwekwa kizuizini. Alikuwa waziri wa kazi, kisha wa sheria, na kuanzia 1964 waziri wa mipango ya uchumi, ambako aliacha alama katika Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika.

Wakati waziri huyo akiandika mipango ya taifa, wahamiaji waliendelea na mipango yao uwanjani. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka 1964 ubingwa ulichukuliwa na Luo Union. Mwaka huo huo Waluhya wa Nairobi walifanya jambo la busara, nalo halikuwa jepesi hata kidogo: timu zao ndogo ndogo, pamoja na ile ya Marama, ziliunganishwa kuwa Abaluhya. Kwa mtu asiyejua mambo ya Magharibi ya Kenya, jina hilo laweza kuonekana la kale. Kumbe ni jina lililopata nguvu katika karne ya 20, likibebwa kwa sehemu kubwa na vyama vya wahamiaji na na wapanga lugha waliotaka Wamarama, Wawanga, Wanyore, Wabukusu na wengineo wajione kuwa watu wamoja. Uwanjani jina lilipata miili kumi na mmoja ya kuliwakilisha. Mzee wa Butere ambaye hakuwahi kusikia Mtiriki akisema alianza kumshangilia Joe Kadenge, kijana wa Tiriki, kana kwamba ni mwana wa boma lake. Abaluhya walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1966, na tena mwaka 1967.

Waluo waliyatazama hayo kwa wivu, na wivu wao ulikuwa na uchungu zaidi kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wamegawanyika. Walikuwa na Luo Union na walikuwa na Luo Stars. Mgawanyiko wa timu haukuwa mkubwa ukilinganishwa na ule wa siasa. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa kiongozi wa Luo Union ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 kwa cheo cha Ker, alikuwa amekosana na Mboya kwa muda mrefu. Walitofautiana kuhusu Mashariki na Magharibi, ardhi, fedha za misaada, na zaidi kuhusu nani angesema kwa niaba ya nani. Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kiligawanywa kwa watu wanane, na Mboya ndiye aliyekuwa fundi wa mpango huo. Odinga akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuunda KPU. Waluo wengi wa Nyanza walimfuata. Mboya akabaki serikalini, mwenye nguvu nyingi Nairobi na marafiki wachache nyumbani.

Ndipo ilipofika tarehe 17 Februari 1968. Siku hiyo Luo Union na Luo Stars ziliunganishwa kuwa klabu moja, na Mboya alikuwa miongoni mwa viongozi walioshinikiza muungano huo na kuusimamia. Klabu mpya haikuitwa kwa jina la kabila wala la mji. Ilipewa jina la mtu: Gor Mahia.

Gor wuod Ogada alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, kusini mwa Nyanza, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Neno mahia katika Dholuo hubeba maana ya muujiza, kiini macho, jambo linaloipita akili. Masimulizi yanamwonyesha Gor akijigeuza kuwa mnyama au kitu, akiwaponyoka waliotumwa kumkamata, akionekana hapa na mara akawa kule. Ukiwasikiliza wasimuliaji wake, huoni sana jitu la vita kama Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na ambaye aliangamia siri yake ilipotoka. Gor ni mjanja. Anafanana na sungura wa hekaya zaidi ya kufanana na shujaa wa utendi. Nguvu yake ni kugeuka, na ndiyo maana jina lake lililingana vizuri na mchezo wa chenga. Mhamiaji naye alikuwa amelazimika kujifunza sanaa hiyo: kuwa karani saa za kazi, mwenye kipande mbele ya askari, mtu wa ukoo fulani penye matanga. Waliochagua jina hilo huenda hawakuyachambua hayo yote, lakini waliujua mvuto wake. Lingine la kuzingatia ni kwamba Gor hakuwa wa Odinga wala wa Mboya. Alikuwa amekufa zamani, naye marehemu hana kadi ya chama.

Klabu hiyo ilichukua ubingwa wa taifa mwaka huo huo wa 1968, mwaka wake wa kwanza. Abaluhya waliokuwa wametwaa ubingwa mara mbili mfululizo walipokonywa. Tangu hapo Jumapili ya Gor Mahia na Abaluhya ikawa siku ambayo behewa lile la Butere na Yala lilijitokeza upya mjini, ila sasa abiria wake wamekaa pande mbili za uwanja. Walijuana mno. Walifanya kazi karakana moja, walipanga vyumba katika nyumba moja, na baadhi yao walioleana mabinti. Ugomvi wao ulikuwa wa majirani, na kila upande ulijua kumtania mwenzake mahali panapouma.

Hapa ndipo mgongano katika maisha ya Mboya unapojitokeza waziwazi. Mtu aliyejenga vyama vya wafanyakazi visivyouliza kabila, aliyechaguliwa na Wakikuyu wa Nairobi, na aliyesema mara kwa mara dhidi ya ukabila, alisimama pamoja na klabu ya Waluo. Waandishi wengine wamelieleza jambo hilo kuwa ni hesabu ya kisiasa: alikuwa amepoteza Nyanza na alihitaji njia ya kurudi. Maelezo hayo yana ukweli lakini hayatoshi. Mboya hakuwa mtu wa Nyanza aliyekuja mjini na kuisahau Nyanza. Alikuwa mtu aliyezaliwa katika shamba la mgeni, ambaye uluo wake ulikuwa tangu mwanzo uluo wa wahamiaji, wa kukusanyana ugenini. Katika Nairobi aliyoijua, mtu aliingia taifa kupitia mlango wa chama cha watu wake, si kwa kuukwepa mlango huo. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa kudhani kwamba mlango wa kuingilia hauwezi kufungwa kutoka nje.

Nao ulikuwa unafungwa. Mwaka huo wa 1968, katika mjadala wa kurekebisha katiba kuhusu urithi wa urais, lilitolewa pendekezo la kupandisha umri wa chini wa mgombea kutoka miaka 35 hadi 40. Mboya alikuwa hajatimiza 38 wakati mjadala ulipoanza, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kanzu hiyo ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha nani. Pendekezo halikupita, lakini lilionyesha kwamba kundi lililomzunguka Rais Kenyatta lilikuwa likimwona kama hatari. Kwa upande wa pili, Januari 1969 Argwings-Kodhek, mpinzani wake wa mwaka 1957 aliyekuja kuwa waziri mwenzake, alifariki, na kiti cha Gem kikawa wazi. Uchaguzi mdogo ulifanyika mwezi wa Mei. Mboya akiwa katibu mkuu wa KANU, chama chake kilishindwa vibaya na KPU. Gem ndiko iliko Yala. Mahali alipovaa sare ya shule akiwa mtoto wa miaka 12, watu walimkatalia kura.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, katika barabara iliyoitwa Government Road na ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia na kunyongwa. Swali la aliyemtuma limebaki katika vinywa vya Wakenya tangu siku hiyo. Misa ya wafu ilipofanyika katika kanisa kuu la Holy Family, umati wenye hasira uliurushia mawe msafara wa Rais, na moshi wa kutoa machozi ukatanda hadi kanisani. Kisha mwili ulisafirishwa kwenda Rusinga kwa barabara, kupitia Nakuru, Kericho na Kisumu, huku watu wakijipanga kando ya njia. Waliompa kura KPU mwezi Mei walimlilia mwezi Julai bila kuona kuwa wamejipinga.

Hiyo ndiyo safari ambayo vyama vya wahamiaji vilikuwa vimeundwa kuigharimia tangu mwanzo: kumrudisha maiti kwao. Kwa Mboya, neno hilo kwao lilikuwa na utata hata siku ya maziko. Alizikwa katika kisiwa ambacho hakuzaliwa wala kukulia, katika ardhi ya baba yake, na hapo ndipo kaburi lake la kumbukumbu lilipojengwa. Kilima Mbogo haikudai chochote.

Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, akazozana hadharani na Odinga, na askari wakafyatua risasi kwenye umati, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Baada ya hapo, Mluo wa Nairobi aliyetaka kuwa katika kusanyiko halali la watu wake alikuwa amebakiwa na kanisa, matanga na uwanja wa mpira. Klabu iliyoundwa ili kumaliza ugomvi wa timu mbili ikabeba mzigo ambao waasisi wake hawakuukusudia. Nyimbo zilizoimbwa majukwaani zilichanganya ushangiliaji na maombolezo, na mgeni asiyejua Dholuo hakuweza kutambua moja lilipokomea na jingine lilipoanzia.

Muungano wenyewe haukudumu kwa ukamilifu wake. Luo Union ilirejea, ikachukua ubingwa wa taifa mwaka 1975, na ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Inaelekea Waluo hawakuwa tayari kukaa chini ya mwavuli mmoja hata uwanjani. Abaluhya nao walikuwa na migawanyiko yao, kwani Marama na Tiriki hazikuyeyuka kwa sababu tu jina kubwa lilipatikana.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilitaka vyama na klabu za michezo ziache majina ya makabila. Abaluhya ikabadilika kuwa AFC Leopards, herufi zake tatu zikipewa maelezo mapya ya Kiingereza yasiyotaja Waluhya. Butere na Marama hawakusumbuka sana. Mashabiki waliiita Ingwe, yaani chui, na wakaendelea kushangilia. Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia ilibaki na jina lake, kwa kuwa halikuwa jina la kabila bali la mtu mmoja wa Kanyamwa, mwenye sifa ya kuwaponyoka waliotumwa kumkamata. Mwaka 1987 ilitoka sare ya mabao 2–2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1–1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa hesabu ya mabao ya ugenini.

Mnamo Oktoba 2011 sanamu ya Mboya ilizinduliwa kando ya Moi Avenue, hatua chache kutoka mahali alipouawa, akiwa amesimama katikati ya jiji lililomfanya.